Seva imekufa, mashine pepe hazijaamka: pa kuanzia kwenye klasta ya Proxmox

Klasta ya Proxmox, yaani kundi la seva zinazoendesha mashine pepe kwa pamoja, imekamilika, mashine pepe zimewekwa kwenye HA (mfumo wa kuziwasha kwenye seva nyingine yake ikifa), na bosi ameshaambiwa kwamba seva moja ikifa kazi itaendelea. Halafu siku moja seva inakufa kweli na kazi haiendelei. Mwongozo huu umetokana na hitilafu zilezile zinazojirudia kwenye klasta ndogo, za seva mbili hadi tano, zinazotumia Proxmox VE toleo la 8 au la 9. Tafuta dalili inayofanana na yako, anza na sababu ya kwanza, kisha shuka. Sababu za juu ndizo zinazokuta watu wengi zaidi, na nyingi unaweza kuzikagua bila kubadilisha chochote.

Kwanza tuelewane: "bila kukatika" ni nini

Vuta waya wa umeme wa seva moja, kisha tazama saa. Ndani ya sekunde chache corosync, ile programu inayoziwezesha seva kusikilizana, inagundua kwamba mmoja kanyamaza. Hakuna kinachohama bado. Klasta inasubiri kama dakika moja, inaitangaza seva hiyo kuwa ya kutengwa, kisha inangoja kufuli lake, yaani kibali chake cha kuendesha mashine, liishe muda, ambalo hudumu dakika 2 tangu lilipohuishwa mara ya mwisho. Hapo ndipo mashine zake zinagawiwa seva zilizobaki na kuwashwa. Kwa hesabu ya kawaida ni dakika 2 hadi 3 kabla mashine pepe haijaanza kuwaka, ongeza na muda wa Windows au Linux yenyewe kuamka. Vilivyokuwa kwenye RAM vimepotea, sawasawa na kompyuta ya mezani iliyokatikiwa umeme.

Kusubiri huko si uzembe. Klasta haina namna ya kujua kama mwenzao amekufa au amekatikiwa waya wa mtandao tu huku akiendelea na kazi. Ikikurupuka na kuwasha nakala ya pili ya mashine ileile juu ya diski ileile, mashine mbili zitaandika mahali pamoja na mfumo wa mafaili utavurugika. Ndiyo maana seva iliyotengana na wenzake hujizima na kujiwasha upya yenyewe baada ya sekunde 60, kazi inayofanywa na mlinzi wa ndani aitwaye softdog, au na kifaa cha ubao wa seva kikiwa kimewekwa. Karibu kila dalili iliyo hapa chini inatokana na klasta kuwa na shaka na kukataa kubahatisha.

Ukihitaji mashine isiyokatika hata sekunde, hicho ni kitu kingine. VMware wana Fault Tolerance, inayoendesha pacha wa mashine kwenye seva ya pili muda wote, kwa gharama ya rasilimali maradufu na kikomo cha idadi ya vCPU (prosesa pepe). Proxmox haina huduma hiyo. Njia inayotumika zaidi ni kuweka uvumilivu ndani ya programu yenyewe: mashine mbili za PostgreSQL zinazonakiliana, kila moja kwenye seva yake, na mbele yake HAProxy mbili (za kugawa maombi) zenye keepalived (ya kuhamisha anwani moja ikifa).

Kabla hujagusa kitu

Ingia kwenye seva yoyote iliyo hai, uendeshe hizi nne na uhifadhi majibu yake kwenye faili nje ya klasta:

```
pvecm status
ha-manager status
pvesm status
timedatectl
```

Ya nne watu huiruka. Saa za seva zikipishana, utasoma logi tatu zinazosimulia tukio moja kwa nyakati tatu tofauti. Na ukiwa unapokea taarifa kwa mdomo, uliza "saa nane ya mchana au ya usiku?" Logi zinaandika 02:00 au 14:00, na 08:00 ya logi ni saa mbili asubuhi ya watu.

## Dalili ya 1: Seva imezima, mashine zake hazijawaka popote

Hujasubiri. Ni kweli, hii ndiyo ya kwanza. Dakika 3 ni ndefu mno simu zikiwa zinaita, na mtu aliyeanza kubofya kwenye dakika ya kwanza ndiye huharibu kilichokuwa kinajirekebisha. Tazama `ha-manager status`. Ukiona seva iko kwenye hali ya `fence`, au mashine iko kwenye `recovery`, acha mikono.

Mashine haimo kwenye HA. Kuwa ndani ya klasta hakutoshi. Kila mashine husajiliwa. Kama `ha-manager status` haina mstari wa `service vm:104`, basi mashine 104 haina mtu wa kuipokea. Tiki ya kuwaka pamoja na seva, ile ya `onboot`, haihusiani kabisa na kuhamia seva nyingine. Jibu la haraka ni kuirudisha seva hewani, kisha usajili:

```
ha-manager add vm:104 --state started
```

Akidi haijatimia. Hii tunaijua kutoka vikao vya bunge na vya harusi: wajumbe wasipotimia, hakuna uamuzi. Kwenye `pvecm status` tafuta `Quorate: Yes`. Ikiwa ni `No`, klasta haitafanya lolote, na folda ya `/etc/pve` inakuwa ya kusomwa tu. Seva 3 zinahitaji kura 2, seva 4 zinahitaji 3, seva 5 zinahitaji 3. Ona kwamba seva ya nne haikuongezei chochote hapa: ukiwa na nne, zikifa mbili umekwama, kama ulivyokuwa na tatu ikabaki moja ungekwama.

Klasta ya seva mbili ndiyo inayoumiza wengi. Moja ikifa, inayobaki ina kura 1 kati ya 2. Si kwamba haipokei mashine za mwenzake tu. Kama nayo ilikuwa na mashine za HA, itajiwasha upya baada ya dakika moja, na sasa huna hata moja. Tiba ni kura ya tatu kutoka nje. Kompyuta ndogo yoyote yenye Debian inatosha, hata Raspberry Pi, mradi si mashine pepe iliyo ndani ya klasta hiyohiyo. Juu yake weka `corosync-qnetd`, kwenye seva zote mbili weka `corosync-qdevice`, kisha kutoka seva moja:

```
pvecm qdevice setup 192.168.10.9
```

Fungua poti ya TCP 5403 kwenye ukuta wa moto. Rudia `pvecm status`. Kura zinatakiwa kuwa 3.

> Simama hapa. Utashauriwa uandike `pvecm expected 1` ili seva iliyobaki ijihesabu kuwa na akidi. Amri hiyo inaondoa ile shaka kwa nguvu. Ni salama pale tu ambapo umeona kwa macho yako kwamba seva nyingine haina umeme, waya umechomolewa. "Haijibu ping" si ushahidi wa kifo.

Kuna kitu cha mashine kilichobaki kwenye seva iliyokufa. Mara nyingi zaidi ni faili la ISO. Mtu alisakinisha Windows miezi minane iliyopita akaacha CD pepe ndani, na ISO iko kwenye hifadhi ya `local` ya seva ya kwanza. Siku ya msiba mashine inapelekwa seva ya pili, inashindwa kuwaka, na logi inasema `volume 'local:iso/...' does not exist`. Kagua zote kwa mara moja:

```
grep -r "local:iso" /etc/pve/nodes/*/qemu-server/
```

Chochote kitakachotokea hapo, toa CD hiyo leo.

Kibaya zaidi ni diski yenyewe kuwa ya ndani, mathalani `local-lvm`, bila hifadhi ya pamoja wala unakilishaji. HA itahamisha faili la usanidi kwenda seva nyingine, diski itabaki ilikokuwa. Na hata seva iliyokufa ikirudi, mashine bado haitawaka, kwa sababu jina liko seva ya pili na mwili uko ya kwanza. Hapo itoe kwenye HA kwa `ha-manager remove vm:104`, hakikisha imezimwa, kisha rudisha faili lake la `104.conf` kutoka folda ya seva ya pili hadi ya kwanza chini ya `/etc/pve/nodes/`. Vifaa vilivyochomekwa moja kwa moja navyo vimo kundi hili. Kadi ya PCI ikikosekana mashine haiwaki. Ile flashi ya leseni ya programu ya uhasibu ikikosekana mashine inawaka vizuri, ila mhasibu anakupigia.

Nafasi haipo, au umeikataza mwenyewe. Kama seva tatu zina RAM ya GB 128 kila moja na kila moja imejaa GB 110, ikifa moja hakuna pa kuweka GB 110 zake. Usivuke theluthi mbili, yaani kama GB 85 kwa kila seva, na ndani ya hizo uhesabu pia Ceph (hifadhi ya pamoja inayotawanya nakala kwenye diski za seva zote), ambayo kila OSD, yaani kila diski yake, hulenga GB 4, na ZFS (mfumo wa mafaili wa diski za ndani), ambayo kwenye seva zilizosakinishwa zamani inaweza kuchukua hadi nusu ya RAM. Mpangaji wa kawaida wa HA anahesabu idadi ya mashine, hapimi kama RAM inatosha. Kuhusu katazo: angalia makundi ya HA kwenye toleo la 8, au kanuni zilizochukua nafasi yake kwenye toleo la 9. Mashine iliyofungwa kwa seva moja tu haina pa kukimbilia.

## Dalili ya 2: Seva zote zimejiwasha upya kwa pamoja

Hii inatisha kuliko zote, na bado ni mfumo kufanya kazi ulivyoagizwa. Kila seva imeshindwa kuwasikia wenzake kwa sekunde 60, kila moja ikajiona ndiyo iliyotengwa, kila moja ikajizima ili isilete madhara.

Niliwahi kuitwa mahali ambapo jibu lilitolewa na mlinzi wa usiku. "Injinia, mimi kompyuta sizijui," aliniambia, "ila saa nane na kidogo zile feni zote zilivuma kwa mpigo mmoja, kama ndege inapaa." Meneja wa zamu alikuwa ameandika kwenye daftari "saa 8", nami nikapoteza nusu saa nikisoma logi za 08:00 asubuhi. Tukio lilikuwa 02:07. Bakapu ya mashine zote ilikuwa imepangwa 02:00, na ilikuwa inapita kwenye kebo ileile ya gigabiti 1 ambayo corosync inaitumia. Seva zilikuwa zima, swichi ilikuwa nzima. Zilikuwa zinapigiana kelele tu mpaka hazisikilizani.

Ukitaka kujua kama yako ni hiyo, kwenye kila seva endesha:

```
journalctl -b -1 -u corosync -u watchdog-mux -u pve-ha-lrm
```

Hapo `-b -1` inamaanisha uhai uliopita, kabla ya kujiwasha. Tafuta `Retransmit List`, `Token has not been received`, `link: 0 is down`, na mwishoni kabisa `client watchdog expired`. Ukiviona kwa mfuatano huo, chanzo ni mtandao. Usipoteze muda kwenye diski na RAM.

Sababu, kwa mpangilio wa ninavyozikuta:

1. Bakapu, Ceph au uhamishaji wa mashine unabanana na corosync kwenye njia moja. Corosync haihitaji kasi kubwa. Inahitaji jibu la haraka, chini ya milisekunde 5, muda wote.
2. Swichi ni moja, na imezimika, imesasishwa au imeganda. Swichi nyingi huchukua zaidi ya dakika moja kuamka. Hiyo dakika ndiyo iliyokuua.
3. Swichi ni mbili lakini zote zinakula umeme wa soketi moja. Fuata nyaya kwa mkono, usiamini mchoro. Fanya hivyohivyo kwa seva zenye pawa saplai mbili ambazo zote mbili zimechomekwa kwenye UPS moja.
4. Kadi ya mtandao inayokatika-katika, au kebo iliyobanwa na mlango wa raki. Hii huonyesha link ikianguka na kurudi mara nyingi kwa seva moja tu.

Tiba ya kudumu ni njia ya pili ya corosync kwenye swichi nyingine. Inakubali hadi njia 8, lakini mbili zilizotengana kweli zinatosha. Utaratibu: nakili `/etc/pve/corosync.conf` pembeni, kwenye nakala ongeza `ring1_addr` kwa kila seva pamoja na kipande cha interface cha njia ya pili, ongeza `config_version` kwa moja, ndipo urudishe nakala mahali pake kwa `mv`. Usihariri faili halisi moja kwa moja. Kila unapohifadhi, klasta nzima inalisoma hapohapo, hata kama umefika katikati ya sentensi. Thibitisha kwa `corosync-cfgtool -s`, kila njia iseme imeunganishwa.

Kama leo unataka tu kusasisha swichi na njia ya pili bado hujaiweka, tuliza HA kwanza. Simamisha `pve-ha-lrm` (huduma ya HA ya kila seva) kwenye seva zote, ukimaliza ndipo usimamishe `pve-ha-crm` (msimamizi wa HA wa klasta nzima) kwenye zote. Mashine pepe zitaendelea kutembea, ila hakuna seva itakayojizima. Swichi ikirudi na akidi ikaonekana, ziwashe huduma hizo tena. Andika kikaratasi ubandike kwenye skrini, maana ukisahau kuziwasha utakuwa na klasta isiyo na HA hadi siku utakayoihitaji.

## Dalili ya 3: Nimewasha upya seva kwa ajili ya sasisho, mashine zake zimelala nayo

Hakuna kilichoharibika. Mpangilio wa kawaida, `conditional`, unatofautisha kuzima na kuwasha upya. Ukizima seva, mashine zinahesabiwa kuwa zinahitaji makao mapya. Ukiiwasha upya, klasta inaamini seva itarudi punde, inazigandisha mashine na kuisubiri. Seva kubwa zenye RAM nyingi hukaa dakika nyingi zikijipima kabla hata ya Linux kuanza, na watumiaji wako nje muda wote huo.

Kwenye `/etc/pve/datacenter.cfg` weka:

```
ha: shutdown_policy=migrate
```

Kuanzia hapo mashine zitahamishwa zikiwa hewani kabla seva haijazima. Mimi hata hivyo napenda kuitangaza seva kuwa matengenezoni mwenyewe, nikaona ikimwagika mpaka iwe tupu:

```
ha-manager crm-command node-maintenance enable seva2
```

Ukimaliza, `disable`, na mashine zinarudi nyumbani.

Kama uhamishaji wa hewani ndio unaogoma, mtuhumiwa wa kwanza ni aina ya CPU. Mashine yenye CPU ya `host` imeonyeshwa kila uwezo wa prosesa ya seva yake. Ukiipeleka kwenye seva yenye prosesa ya kizazi kingine inaweza kukataliwa, au ikafika na kuanguka dakika chache baadaye. Kwa seva zisizofanana tumia `x86-64-v2-AES`. Badiliko linaanza kazi baada ya mashine kuzimwa kabisa na kuwashwa, si kuwashwa upya kutoka ndani ya Windows.

## Dalili ya 4: Mashine imehamia, inaonekana inatembea, lakini haifikiki

Fungua konsoli yake kwanza. Unachokiona hapo kinaigawa dalili hii mara mbili.

Konsoli inajibu, mtandao haupo. Karibu kila mara ni VLAN, yaani mtandao uliotengwa kwa namba ndani ya swichi. Poti ya swichi ya seva ya kwanza inapitisha VLAN 30, poti ya seva ya tatu haikuwahi kuwekwa, na hakuna aliyejua kwa sababu mashine ya VLAN 30 haijawahi kuishi seva ya tatu. Linganisha poti hizo mstari kwa mstari. Linganisha pia `/etc/network/interfaces` za seva zote: daraja la `vmbr1` liwe na jina lilelile na liende kwenye mtandao uleule kila mahali. Baadhi ya swichi zimefungiwa idadi ya anwani za MAC kwa kila poti, nazo hukata mgeni kimyakimya.

Konsoli imeganda, au maandishi hayasogei. Hiyo ni hifadhi. Kama mnatumia NAS moja (kifaa cha hifadhi kilicho kwenye mtandao) kwa NFS, jiulize kilichokufa ni seva au ni NAS yenyewe. Seva tatu zenye HA juu ya NAS moja zina sehemu moja ya kufia, na hakuna HA itakayolifuta hilo.

Kama ni Ceph, endesha `ceph -s`, kisha `ceph health detail`. Onyo la manjano baada ya kupoteza seva moja kati ya tatu ni la kutarajiwa: nakala ni pungufu, kazi inaendelea. Shida ni ukiona data haipatikani kabisa. Sababu ya kwanza ni hifadhi iliyoundwa kwa nakala 2 huku `min_size` (nakala chache kabisa zinazotakiwa ili kazi iendelee) ikiwa 2; ikifa seva moja, vipande vyake vinabaki na nakala 1 na Ceph inasimamisha kusoma na kuandika. Mpangilio sahihi ni nakala 3, `min_size` 2. Sababu ya pili ni kujaa. Ceph inaonya diski ikifika asilimia 85 na inagoma kuandika asilimia 95. Kwenye klasta ya seva tatu zenye diski mbilimbili kuna mtego: diski moja ikifa, baada ya dakika 10 mzigo wake wote unaanza kumiminwa kwenye diski jirani ya seva hiyohiyo, kwa sababu nakala lazima zikae seva tofauti. Kama zote mbili zilikuwa asilimia 50, jirani haitafika salama. `ceph osd df tree` itakuonyesha.

> Simama hapa. Usishushe `min_size` hadi 1 ili "mashine ziamke kwanza". Utakuwa unaandika kwenye nakala ya mwisho iliyobaki, na diski moja ikipiga chafya hakuna pa kurudia. Usifute OSD wala kuendesha amri yoyote yenye `--yes-i-really-mean-it` bila mtu aliyewahi kuokoa Ceph kukaa pembeni yako.

## Dalili ya 5: Mashine imeamka, lakini data ni za nyuma

Muuzaji wa duka la dawa ana risiti mkononi, imechapishwa saa 5 na dakika 12. Kwenye mfumo, mauzo ya mwisho ni ya saa 5 kamili.

Hifadhidata haijaharibika. Mnatumia ZFS ya ndani na unakilishaji wa Proxmox, ambao kwa kawaida hunakili kila baada ya dakika 15. Seva ikifa, HA inawasha nakala ya mwisho, na kilichoandikwa baada yake hakipo. Kagua `pvesr status`. Ukiona safu ya makosa iliyohesabu kushindwa mara nyingi, basi si dakika 12 tu, huenda ni siku tatu, na hakuna aliyetazama. Unaweza kupunguza muda hadi dakika 1 kwa mashine ya hifadhidata, mtandao ukiruhusu. Mashine ya malipo au mauzo, kwa maoni yangu, haipaswi kuwa kwenye mpango huu hata kidogo; iwe kwenye hifadhi ya pamoja au inakili miamala yake yenyewe.

Na tahadhari: seva ya zamani ikirudi, ile diski yake yenye dakika 12 zilizopotea bado ipo. Ukiacha unakilishaji uendelee, nakala mpya itaifunika. Kama dakika hizo zina thamani, kabla hujaiwasha chomoa kebo zake za mtandao, na umwite mtu wa kutoa data kwanza.

## Dalili ya 6: Mashine iko kwenye hali ya "error" na haikubali kuwashwa

HA imejaribu kuiwasha palepale mara 1, ikajaribu seva nyingine mara 1, ikakata tamaa. Hizo ndizo namba za kawaida. Kubofya "Start" tena na tena hakusaidii. Soma kwanza kwa nini iligoma kwenye orodha ya kazi. Mara tisa kati ya kumi ni ISO, daraja la mtandao lisilokuwepo au RAM, ambazo tumeshazipitia. Rekebisha, kisha:

```
ha-manager set vm:104 --state disabled
ha-manager set vm:104 --state started
```

## Mahali pa kuacha na kuita mtu

Acha ikiwa mashine ileile inaonekana kuwaka seva mbili. Zima zote mbili, usiendeshe `fsck` wala `chkdsk`, usirudishe bakapu juu yake. Acha ikiwa kadi ya RAID inauliza kama ufute au uingize usanidi wa kigeni na huna uhakika diski zilikaa kwa mpangilio gani. Acha ikiwa seva mbili zinaonyesha diski mbovu kwa wakati mmoja. Na UPS inayonuka kuungua au iliyovimba betri ni ya fundi umeme. Usiifungue, hata ikizimwa bado ina chaji.

Unaposubiri, endesha `pvereport` kwenye kila seva iliyo hai na uhifadhi majibu pamoja na yale manne ya mwanzo. Andika kila ulichogusa na saa yake, kwa mtindo wa 24, hata kama unaona aibu. Na usiwashe upya seva iliyobaki hai ili "kusafisha mambo" kabla uliyemwita hajafika: ndiyo yenye akidi, ndiyo yenye logi, na huenda ndiyo yenye nakala ya mwisho.